Kozi za bure mtandaoni: Mwanza tunalilia bando wakati kilichokosekana ni kikundi

Ukikaa na watu hapa Mwanza ukauliza kwa nini vijana wanajiunga na hizi kozi za bure za mtandaoni alafu hawazimalizi, utapewa majibu mawili tu, bando na uvivu. Wenye huruma wanasema bando, wazee wanasema uvivu, mjadala unaishia hapo kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mi naona wote wanatafuta mahali ambapo kitu hakipo, maana kuna watu huko Boston na London hawajawahi kuishiwa bando maishani mwao, wana intaneti ya ofisini na kompyuta mbili mezani, na wao hawamalizi vilevile. Tena hawamalizi kwa kiwango ambacho ingekuwa shule ya kata hapa Ilemela mkuu wa shule angekuwa ameshahamishwa siku nyingi.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Mwaka 2008 kule Kanada, George Siemens na Stephen Downes walikuwa na kozi Chuo Kikuu cha Manitoba, wanafunzi waliolipa ada walikuwa kama 25 hivi, wakaamua kuifungua kwa yeyote mwenye intaneti, wakaingia zaidi ya 2,200. Hapo ndo hizi kozi zikapata jina la MOOC, yaani kozi ya mtandaoni iliyo wazi kwa halaiki ya watu, jina ambalo wadau wa elimu wanalo mpaka leo. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig wakaweka mtandaoni kozi ya akili mnemba ya Stanford, wakajiandikisha watu 160,000 kutoka nchi zaidi ya 190, na baada ya hapo dunia ikachanganyikiwa kabisa. Mwaka 2012 peke yake Thrun akazindua Udacity, jukwaa la kozi hizi, Andrew Ng na Daphne Koller wakaanzisha Coursera, MIT na Harvard wakachanga dola milioni 30 kila mmoja wakatengeneza edX, na Waingereza wa Open University nao wakatangaza FutureLearn yao. Maneno yaliyosemwa kipindi kile we acha tu. Vyuo vitakufa, maskini wa Afrika atasoma Harvard akiwa kibandani kwake, ada itakuwa historia.

Alafu zikaja namba. Kozi ya kwanza kabisa ya edX ilikuwa ya saketi za umeme kutoka MIT, walijiandikisha kama watu 155,000, waliopata cheti wakawa elfu saba na kidogo. Unaweza kusema elfu saba ni wengi, na ni kweli, hakuna mwalimu wa MIT aliyewahi kufaulisha watu elfu saba kwa mkupuo mmoja, ila angalia na upande wa pili, wale 148,000 walienda wapi? Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente wakachapisha kwenye jarida la Science uchambuzi wa kozi za MIT na Harvard zilizokuwa edX kuanzia 2012 mpaka 2018. Kwenye kundi la mwaka wa mwisho waliouchambua, waliomaliza walikuwa kama asilimia 3. Yaani tatu kati ya mia. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi hata kufungua somo lenyewe, walijaza jina na baruapepe wakapotea. Na ukichukua waliojiunga mwaka huu, mwaka unaofuata wengi wao huwaoni tena.

Ila kwenye uchambuzi huohuo kuna namba moja ambayo watu wengi wanaipita haraka. Wale waliolipia ili wapate cheti kilichothibitishwa, 46 kati ya kila 100 walimaliza. Masomo yaleyale, video zilezile, mwalimu yuleyule. Sasa hapa usiniambie pesa inaongeza akili. Na usikimbilie kusema basi tuwatoze watu watamaliza, kwa sababu anayetoa pesa tayari alikuwa na nia kabla hajatoa. Mi ninachokiona pale ni kwamba mtu akiwa na kitu kinachomfunga, kitu ambacho akiacha katikati kitamuuma, anaendelea hata siku ambayo hana hamu. Asiye na kitu cha kumfunga anasubiri hamu, na hamu ya kusoma takwimu saa tatu usiku umetoka kusimama kwenye daladala kutoka Buhongwa mpaka Igoma haiji hata siku moja.

Kuna utafiti mwingine ulitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2013, wa Ezekiel Emanuel wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliangalia nani hasa anasoma kozi za chuo chake kwenye Coursera. Wengi sana walikuwa tayari na digrii mkononi. Kwa wale waliotoka Brazil, China, India, Urusi na Afrika Kusini, karibu asilimia 80 walikuwa wa lile tabaka dogo la juu, asilimia 6 ya wenye hela na elimu zaidi katika nchi zao. Watu walishangaa sana, mi nashangaa walioshangaa. Mtu aliyepita chuo ameshafundishwa kitu kimoja ambacho hakimo kwenye silabasi yoyote, nacho ni kujiburuza mwenyewe. Anajua kuweka ratiba, anajua kwamba wiki ya tatu ndo huwa ngumu, anajua kwamba kutoelewa leo sio kwamba wewe ni mjinga. Kijana aliyeishia kidato cha nne pale Igogo hajawahi kusoma bila kengele, bila monita na bila mwalimu wa zamu, alafu unampa kozi ya wiki kumi unamwambia ni bure, jisomee.

Sasa kinachoniudhi ni kwamba sisi, na hapa nasema sisi wa kanda hii ya ziwa kabisa, ni watu wa mwisho duniani kutakiwa kushangazwa na habari ya kozi moja inayosomwa na watu laki na laki kwa wakati mmoja. Tulishafanya. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, muulize babu yako kama bado yupo atakwambia. Redio Tanzania ilirusha vipindi kwa wiki 12, kulikuwa na vijitabu vya maandishi makubwa kwa ajili ya watu waliotoka kujifunza kusoma juzi juzi, na walioshiriki walikuwa kama milioni mbili. Milioni mbili, mwaka 1973, nchi nzima ikiwa na watu milioni kumi na kitu. Ile kozi ya Stanford iliyotikisa dunia inaingia humo mara kumi na mbili.

Na hawakusikiliza kila mtu kivyake amelala kitandani. Walikaa vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi, walikuwa makumi ya maelfu nchi nzima, na huyo kiongozi hakuwa daktari wala bwana afya, mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi au mtu tu wa pale kijijini anayejua kusoma vizuri. Mnakaa, mnasikiliza kipindi, mnasoma ukurasa wa kijitabu kuhusu malaria au minyoo au kichocho (na kichocho kwa watu wa ziwa hili sio habari ya kwenye vitabu), mnajadili, alafu mnakubaliana wiki hii tunafanya nini. Kuchimba choo, kufyeka nyasi zinazozunguka nyumba, kufukia madimbwi. Wiki inayofuata mnaulizana nani amefanya. Vyoo vilivyochimbwa kipindi kile vilikuwa mamia ya maelfu. Redio ilileta somo tu, choo kilichimbwa kwa sababu Jumanne ijayo utakaa na jirani yako na yeye ameshachimba.

Tena kabla ya hapo, mwaka 1968, Mwanza hapahapa ndo palikuwa makao ya mradi wa UNESCO wa kufundisha watu wazima kusoma kupitia kazi zao, ukahudumia mikoa ya ziwa, Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi ambayo leo ni Kagera. Hawakuanza na a e i o u. Vitabu vya kusomea vilikuwa vinazungumzia pamba, migomba, uvuvi, ufugaji, kwaiyo mkulima wa Kwimba alijifunza herufi akiwa anasoma habari za shamba lake mwenyewe. Baadaye utaratibu ule ukasambazwa nchi nzima. Hiyo historia ni ya kwetu na sijui kwa nini kila tukiongelea kozi za mtandaoni tunaanza kama vile hatujawahi kufundisha mtu mzima kitu chochote.

Najua nitaambiwa enzi zile kulikuwa na chama cha TANU, kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, mtu alikuwa anaenda kikundini kwa sababu asipoenda ataulizwa. Ni kweli, na sitaki tujidanganye kwamba wote walikuwa na kiu ya elimu. Kampeni ilipoisha vikundi vingi viliyeyuka, na huo ndo udhaifu wake mkubwa, vilitegemea msukumo wa juu. Lakini kusema kwamba kikundi hakiwezekani bila chama ni kusahau Mwanza inavyoishi leo. Nionyeshe mtaa wa Mabatini au Kitangiri usio na kikoba. Kina mama wanakutana kila wiki siku ileile saa ileile, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna sanduku lenye kufuli tatu, ukichelewa faini, ukipiga soga wakati wa hesabu faini, na hakuna balozi aliyewalazimisha. Watu hawa hawakosi kikao hata mvua ya masika ikinyesha. Hiyo nidhamu ipo mtaani bure kabisa, hakuna anayeifikiria kwenye mambo ya kusoma.

Kwenye habari za MOOC kuna kisa cha kijana wa Mongolia, Battushig Myanganbayar, kinapendwa sana. Akiwa na miaka 15 kule Ulaanbaatar alisoma ile kozi ya saketi ya MIT akapata alama zote, akawa mmoja wa watu 340 tu waliofanya hivyo, baadaye MIT wenyewe wakamchukua. Kila anayeuza kozi za mtandaoni anakisimulia hiki kisa kama ushahidi kwamba kipaji kikipata intaneti basi. Wanachokiruka ni kwamba mkuu wa shule yake alikuwa Mmongolia aliyesoma MIT, ndo aliyeleta ile kozi shuleni, akamleta na mtu kutoka Stanford na vifaa vya maabara, na wanafunzi kama 20 waliikalia pamoja. Sasa huyo ni mtoto wa intaneti au mtoto wa kikundi? Kijana ana kipaji, hilo halina ubishi, ila alikuwa na meza, wenzake na mtu wa kumuuliza.

Na wapo waliolielewa hili mapema. Kigali hapo, hata sio mbali, programu ya elimu ya juu ya Kepler ilianza mwaka 2013 kuchanganya kozi za mtandaoni na darasa lenye walimu wa kukaa na wanafunzi. Kule Chicago maktaba za umma zilianza kuwakutanisha watu wa mtaani kusoma kozi ya mtandaoni pamoja mara moja kwa wiki, shirika la P2PU likiwasaidia, na utaratibu huo ukaja mpaka kwenye maktaba za taifa za Kenya. Anayeongoza kikao sio mtaalamu wa somo, kazi yake ni kufungua mlango, kuwasha video, kuuliza nani amekwama wapi na kuhakikisha mazungumzo hayaishii kwenye Simba na Yanga. Yaani kiongozi wa kikundi wa Mtu ni Afya mtupu.

Kuhusu bando, kikundi kinalimaliza kwa njia ambayo kila kijana wa Makoroboi anaijua. Mmoja anashusha video sehemu yenye waifai, wengine wanarushiwa kwa Xender, wiki nzima imeisha hapo. Kuna jambo la kuangalia lakini. Video za Coursera unaweza kuzishusha kwenye programu yao ukaangalia bila intaneti, ila ni zako wewe, sio za kugawa. MIT OpenCourseWare ni tofauti, ule mradi uliotangazwa mwaka 2001, kabla hata ya hizi kelele zote, leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa ili mradi usifanye biashara na uwataje wenyewe. Ndo maana nikiona watu wanahangaika na jukwaa linalotaka kadi ya benki ili ujaribu siku saba nashangaa kidogo. Hayo majukwaa yenyewe siku hizi ni biashara kama biashara nyingine, Coursera waliingia soko la hisa la New York mwaka 2021, edX mwaka huohuo ikauzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na 2U ikaomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2024. Cha bure kinazidi kupungua kila mwaka, mara nyingi kinachobaki bure ni kuangalia tu, mtihani na cheti unalipa.

Cheti, hapo nako kuna maneno. Vijana wengi wanajiunga kwa ajili ya cheti, alafu wanakipeleka ofisini wanaambiwa hiki hakitambuliki na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na huyo wa ofisini hajakosea sana maana TCU inashughulika na vyuo vikuu na shahada zake, sio kozi ya wiki sita. Mi nadhani tuache kabisa kuzinadi hizi kozi kama njia ya mkato ya kupata ajira. Anayetaka digrii akiwa kazini Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992 na kina kituo hapa Mwanza. Kozi ya mtandaoni inafaa pale ambapo unachojifunza unakitumia kesho asubuhi na hakuna mtu wa kukuuliza cheti, fundi simu, mwenye duka la vifaa, muuguzi anayetaka kuelewa kitu kinachomsumbua wodini.

Kuna lugha pia, na hili kikundi hakilimalizi lote, tuseme ukweli. Kozi nyingi nzuri ni Kiingereza, na Kiingereza cha haraka. Mtu aliyesoma msingi kwa Kiswahili alafu akadondokea sekondari ya Kiingereza akatoka na vipande vipande, maandishi ya chini ya video yanamsaidia kidogo tu. Kwenye kikundi anapatikana mmoja anayeelewa anawaambia wenzake kwa Kiswahili, na Magu huko kwa Kisukuma kabisa, na kwa kuwaambia wenzake na yeye ndo anaelewa zaidi. Inaenda polepole. Video ya dakika kumi mnaitafuna saa nzima. Na hatari yake ipo palepale, huyo mmoja akichoka au akipata kazi Dar kikundi kinakufa, na wavivu watamwachia afanye mazoezi yote wao wanakili. Ndo maana kiongozi lazima azunguke kwa zamu, na faini ziwepo.

Halmashauri zikilisikia hili najua zitakachofanya, zitaomba wafadhili wa maabara ya kompyuta, itazinduliwa kwa utepe, baada ya mwaka imefungwa funguo anazo mtu mmoja. Mi ningeanza bila jengo na bila mradi. Ningeenda Mwaloni pale Kirumba, kwa kina mama wa dagaa ambao tayari wana kikoba chao kinachokutana kila wiki, wanauza mzigo mpaka Kongo na hesabu za faida wanazibeba kichwani. Ningewaomba nusu saa tu baada ya sanduku kufungwa. Somo la kwanza uwekaji wa hesabu za biashara ndogo, video fupi kwenye simu ya mmoja wao, mtoto wa mmoja aliyepo chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe anaeleza kwa Kiswahili, kila mama anaenda nyumbani na daftari la kuandika mauzo ya wiki hiyo, mzigo umeingia kiasi gani, nauli, ushuru, iliyobaki. Wiki inayofuata, kabla ya kuhesabu hisa, madaftari mezani. Asiyeandika analipa faini ileile ya kuchelewa.